Mtutu Uliohama

Komeo lilisukumwa nyuma ya mgongo wa Fundi, kwa ndani.

Msomaji uliyekuwa nasi Jumapili iliyopita unajua kilichotangulia. Uliyechelewa, shika haya. Fundi, mwanamke pekee mjini mwenye leseni ya kutengeneza silaha, alikuwa ameinamia meza yake ya kazi mchana kweupe. Mbele yake palikuwa na bastola kuukuu ya chuma, imefunguliwa vipande vipande. Bastola hiyo ni ya Koplo, rafiki wa kufa na kuzikana wa baba yake. Fundi aliugeuza mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akasoma namba iliyogongwa ubavuni.

Haikuwa namba ya Koplo. Ilikuwa namba ya bastola ya baba yake.

Na baba yake, Sajini mstaafu, yuko rumande. Kesho asubuhi anasomewa hukumu ya kumuua tajiri wa mbao.

Hapo ndipo komeo liliposukumwa.

Fundi hakugeuka kwa haraka. Katika kazi ile wanaogeuka kwa haraka hawazeeki. Aliufumbata mtutu kiganjani, akaweka tambara mezani, kisha akageuka.

Koplo alikuwa amesimama mlangoni, shati limechomekewa, viatu vimeng'aa kama vya gwaride. Mkononi alikuwa na bastola nyeusi ya plastiki, mali ya mlinzi wa benki, aliyoichukua kwenye rafu ya wateja alipopita. Ilikuwa imeelekezwa kifuani kwa Fundi.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Na hiyo ni ya nini?"

"Nilidhani utaniuliza kwanza habari za nyumbani."

"Za nyumbani ninazo. Mama Mdogo alikuwa hapa asubuhi. Ndiye aliyeileta hii."

"Aliiba."

"Anataka niiuze. Anasema unalala nayo kama mke mwenza."

"Angalau haikoromi," alisema Koplo. Hakucheka. "Irudishe kama ilivyokuwa. Nipe niondoke, kila mtu aendelee na siku yake."

"Nikikataa?"

Koplo aliinua ile ya plastiki kidogo. Mdomo wake ulijikunja kama wa mtu aliyepewa uji wa jana.

"Usinifanye niitumie takataka hii, Fundi. Sijawahi kuaibika hivyo maishani."

"Huwezi kuitumia."

"Usinijaribu."

"Sikujaribu. Ipo kwenye rafu ile kwa sababu sindano yake ya kufyatulia imevunjika. Naisubiri nyingine. Ukifyatua utasikia 'ta', basi."

Koplo alimtazama. Kisha akaielekeza bastola sakafuni, akafyatua.

Ta.

"Ona sasa," alisema kwa uchungu wa kweli. "Ndiyo maana nazichukia."

* * *

Unaweza kudhani hatari ilikwisha hapo. Haikwisha. Koplo aliirudisha ile ya plastiki kwenye rafu, akavuta kiti, akaketi kati ya Fundi na mlango. Alikuwa mzee, lakini mzee aliyekula mazoezi ya jeshi la polisi tangu ujanani. Mikono yake ilikuwa mipana kama makasia. Na madirisha ya karakana, kwa amri ya sheria, yana nondo.

"Sasa tuongee kama watu wa nyumba moja," alisema. "Fungua hicho kiganja."

"Kwanza niambie kwa nini bastola yako ina mtutu wa baba."

"Macho yako yamechoka na kazi."

"Namba ipo ubavuni, Baba Mdogo. Zote za kiwanda kilichoitengeneza hii zimegongwa namba mara tatu. Kwenye mwili, kwenye kifuniko cha juu, kwenye mtutu. Ni wewe uliyenifundisha."

Ni kweli, ndiye aliyemfundisha. Fundi alipokuwa binti wa shule, Sajini na Koplo walikuwa wakisafisha bastola zao pamoja kila Jumamosi, kwenye meza moja, juu ya shuka moja kuukuu. Bastola zilikuwa pacha. Jeshi la polisi lilipohamia kwenye silaha za plastiki, wazee wale wawili waliomba kuzinunua zile za chuma walizozibeba kazini, wakapewa kibali. Wenzao waliwacheka. Kwa nini ung'ang'anie kitu kizito mara mbili, chenye risasi nusu?

Hoja za wachekaji zilikuwa na ukweli. Bastola ya plastiki haishiki kutu, haichoshi kiuno, huokotwa kwenye tope ikapiga. Fundi mwenyewe huziuza, na huzisifu.

Lakini mtu akitaka kununua ya pili, mara nyingi huulizia ya chuma. Huishika, hunyamaza kidogo, hupima uzito wake mkononi. Uzito ule ndio unaomeza mshtuko, ndiyo maana risasi ya pili huifuata ya kwanza palepale. Ikilegea, hukazwa. Ikichakaa, huchongwa kwa tupa na kurudi kazini. Ya plastiki ikipasuka, imepasuka. Kuna jambo jingine ambalo wateja hawalisemi: chuma huchukua umbo la mtu wake. Rangi hufutika pale kidole kinapokaa. Ukiokota bastola ya Sajini gizani, mkono wako unajua kwamba ni ya mtu mwingine.

Ndani ya zile pacha, kila mtutu ulikuwa umesuguliwa kwa mkono hadi ukakubali mwili mmoja tu. Ukiuhamisha, unaingia, lakini unacheza. Kwa hiyo namba zile tatu hazikuwa pambo.

"Mtutu huu ulipoanza kucheza ndani ya bastola yako, ulijua," alisema Fundi. "Mtu kama wewe angejua kwa risasi ya kwanza."

"Kabla ya risasi," Koplo alimsahihisha. Kisha akagundua amekiri nini, akafumba macho.

* * *

"Nisikilize," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa ileile anayoitumia kumweleza mteja bei. "Bastola yako ilikuwa hapa kwangu wiki ile ya mauaji, nikaibadilishia springi. Nilipoifunga, mtutu ulikuwa wake. Uliichukua Jumatano. Tajiri wa mbao aliuawa Alhamisi. Jumamosi mkakaa wewe na baba kusafisha, kama kawaida yenu. Jumatatu polisi wakazoa bastola za watu wote wa uwanja wa shabaha, wakakurudishia yako, wakamkamata baba."

Koplo alipangusa kiatu chake kwa kidole gumba.

"Maabara ilipiga risasi ya majaribio kwa bastola ya baba, ikafanana na ile iliyotolewa mwilini. Maabara haikukosea. Ilipiga kwa mtutu uliokuwa ndani. Ila mtutu uliokuwa ndani ulikuwa wako."

"Ongea polepole, kuna watu nje."

"Kwa hiyo risasi iliyomuua mtu yule ilitoka kwenye bastola hii." Fundi aligusa mwili wa bastola mezani. "Na bastola hii haitoki nyumbani kwako bila wewe."

Nje, mashine ya kusaga ilinyamaza.

"Unaniita muuaji, mwanangu?"

"Nakusomea namba."

"Nilikubeba mgongoni ulipovunjika mguu. Nilikaa kwenye posa yako kama baba, maana baba yako alikuwa analia chooni na alikuwa hataki watu wamwone."

"Najua."

"Halafu unanisomea namba!"

"Baba anahukumiwa kesho," alisema Fundi. "Ungekuwa mahali pangu ungesoma nini?"

Koplo aliinuka. Fundi alirudi nyuma hadi kiuno kikagusa jiliwa la kubania vyuma. Akaikamata tupa ndefu iliyokuwa hapo, akaishika kama mwiko.

Mzee akaitazama tupa. Akamtazama mwenye tupa. Kisha mabega yake yakashuka, akakaa tena, mzito kama gunia.

"Bastola ni yangu," alisema. "Mkono haukuwa wangu."

* * *

"Wa nani?"

"Usiniulize hilo."

"Wa nani, Baba Mdogo?"

"Unamjua tajiri yule alivyotufanya. Alinunua ule uwanja wa shabaha, akaweka kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Baba yako alimtisha mbele ya watu, mimi nikamtukana. Lakini sisi ni wazee. Mzee hutukana, akaenda kunywa chai. Aliyepoteza kitu ni kijana. Kijana aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano."

Tupa ilishuka taratibu mkononi mwa Fundi.

Hapa, kwa uliyechelewa, lazima niongeze mtu mmoja. Fundi ana mdogo wake wa kiume, wanayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho tumboni mwa mama yao. Kitinda ni mlenga shabaha. Alikuwa ametajwa kwenye timu, hadi uwanja ulipofungwa, timu ikasafiri bila yeye.

"Sema jina," alisema Fundi.

"Alikuja Alhamisi mchana. 'Baba Mdogo, niazime, kuna uwanja mwingine nikajaribu.' Ana yake ya plastiki, lakini haipendi. Anasema yangu inatulia. Na inatulia kweli."

"Kwa nini hakuomba ya baba?"

"Baba yenu? Baba yenu angeazimisha meno yake kwanza."

Fundi karibu atabasamu. Uso ulikataa.

"Akairudisha jioni," Koplo aliendelea. "Chafu. Inanuka baruti. Mtoto niliyemfundisha mimi kusafisha silaha kabla ya kunawa mikono! Niliposikia redioni kuhusu tajiri, nikakaa nayo mapajani hadi asubuhi. Jumamosi baba yako alikuja na shuka lake. Nikamweleza."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alizifungua zote mbili. Akachukua mtutu wangu akautia kwenye yake. Akachukua wa kwake akautia kwenye yangu. Nikamwambia, ndugu yangu, unafanya nini? Akasema, 'Mtoto ni wangu. Na risasi iwe yangu.'"

Fundi aligeukia dirisha. Alikuwa mtu wa kuamini vitu vinavyopimika, na hapa alipimiwa kitu asichokuwa na chombo chake. Baba yake tangu akamatwe alikuwa hajajibu swali hata moja la wakili. Wote walidhani ni kiburi cha askari wa zamani.

"Kulikuwa na mto," alisema hatimaye. "Mngezitupa zote mbili mkasema zimeibwa. Watu wawili wenye miaka yote ile ya upelelezi, hamkufikiria mto?"

"Tulifika darajani."

"Halafu?"

Koplo alitazama mikono yake. "Baba yako aliishika yake juu ya maji. Akaishika weee. Gari zinapita. Mwisho akaniambia, 'Tupa wewe kwanza.' Nikamwambia, wewe ni mkubwa, tangulia. Tukarudi nyumbani."

"Kwa hiyo mtu anafungwa maisha kwa sababu wazee wawili walishindwa kutupa chuma."

"Wewe ungeweza?"

Fundi aliitua tupa kwenye jiliwa. Ukutani nyuma yake zilining'inia bastola za chuma zaidi ya zinazohitajika na karakana yoyote, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kuuzwa.

* * *

Sasa angalia alipobanwa, msomaji.

Kiganjani alikuwa na kipande cha chuma kirefu kama kidole cha kati. Akikipeleka kwa wakili leo, kesho baba anatoka. Wakiuliza basi ni nani, Koplo atasema alichosema hapa, na atakayeingia badala ya baba ni Kitinda. Asipokipeleka, baba anafia gerezani kwa hiari yake, na yeye Fundi atakuwa amemsaidia kufa.

Alivuta simu mfukoni. Akaiweka mezani bila kupiga.

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Koplo kwa upole. "Si kukuua. Nimekuja kukutua mzigo. Nipe mtutu, usahau uliuona. Baba yako alichagua."

"Baba hakuniuliza."

"Wewe ungemkatalia."

"Ningemkatalia, ndiyo!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Anadhani anamwokoa nani? Kitinda hali, halali, anazunguka mahakamani kama kuku aliyekatwa kichwa, anamtafutia baba wakili wa pili. Mtu aliyeua anafanya hivyo?"

"Mtu mwenye hatia ndiye anayezunguka."

Mlango uligongwa.

Si kwa adabu. Ulipigwa kwa ngumi, bawaba zikalia.

"Dada! Fungua!"

Fundi na Koplo walitazamana. Ile sauti haikuhitaji kutambulishwa.

"Dada, najua umo. Mama Mdogo ameniambia ameleta bastola kwako. Baiskeli ya Baba Mdogo iko hapa ukutani. Mmejifungia nini?"

"Usifungue," Koplo alinong'ona. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Nimekwambia alichofanya. Unajua kama amekuja mikono mitupu? Usifungue, mwanangu."

Fundi alisimama kati ya meza na mlango. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu apate leseni: aliacha kipande cha silaha ya mteja mezani, akaondoka mezani pasipo kukitazama. Mtutu ulibaki kwenye tambara, karibu na mwili na kifuniko cha bastola ya Koplo.

Alikwenda mlangoni. Hakugusa komeo. Aliweka shavu kwenye mbao.

"Kitinda."

"Dada! Mbona hufungui? Wakili ananipigia, anataka kujua kama umeona chochote."

"Nataka kukuuliza kitu. Jibu kama unavyomjibu marehemu mama."

Kule nje ngumi ilitulia.

"Ni wewe uliyempiga tajiri?"

Fundi alisikia pumzi ya mdogo wake upande wa pili, karibu kabisa, kana kwamba naye ameegemeza shavu mahali palepale.

"Nani amekwambia hivyo?" Kitinda aliuliza. Sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Baba?"

"Nijibu."

"Baba ndiye aliyekwambia, au Baba Mdogo?"

"Alhamisi ile uliazima bastola yake."

"Niliomba, Dada. Niliomba kuazima, nikakuta anavaa viatu. Akaninyima. Akasema leo ana shughuli nayo." Pumzi ilikatika kidogo. "Nilimweleza baba usiku ule. Nikamwuliza, baba, Baba Mdogo ana shughuli gani na bastola siku ya kazi? Akaniambia nisilitaje mahali popote. Akasema rafiki hasalitiwi. Sikumwelewa. Dada... nani yuko ndani na wewe?"

Fundi alihisi ubaridi wa ile mbao shavuni.

Mambo yalijipanga upya kichwani mwake, moja baada ya jingine, na kila moja liliingia bila kucheza. Kweli, ni Sajini aliyebadilisha mitutu. Kweli, alifanya hivyo kumwokoa mtu. Uongo ulikuwa mmoja tu, ule wa kumwokoa nani. Mzee aliyeketi nyuma yake alikuwa amechukua kafara ya rafiki yake, akamvika mtoto wa rafiki huyohuyo hatia yake mwenyewe, ili binti anyamaze.

Alitaka kugeuka.

Kabla hajageuka alisikia kwamba mzee alikuwa ameshaviunganisha vile vipande vya mezani. Kwanza mlio mdogo, wa kitu kinachoingia mahali pake ndani ya mpini. Mama Mdogo alikuwa ameleta bastola bila magazini yake ya risasi, na Fundi hakujiuliza magazini ilibaki kwenye mfuko wa nani.

Kisha ukafuata mlio wa pili, mpana, wa kifuniko kurudi mbele. Chuma juu ya chuma. Hakuna plastiki duniani inayolia hivyo, na hakuna mtu wa kazi ile anayehitaji kugeuka ili ajue maana yake.

"Dada?" aliita Kitinda. "Dada, ni nini hicho?"

Kiti kilisogezwa nyuma. Viatu vya gwaride vilipiga hatua kwenye saruji, bila papara, vikasimama pale ambapo risasi moja ingeweza kupita kwa dada na ubao wa mlango na kijana aliyeegemea upande wa pili.

"Sasa fungua mlango, mwanangu," alisema Koplo. "Taratibu."